Daktari Burul na Meno Yaliyong'olewa

Saa moja asubuhi, nje kidogo ya mji wa Talas, Daktari wa mifugo Burul Sadyrova anapenyeza kidole gumba pembeni mwa mdomo wa farasi, anashika ulimi na kuchungulia meno. Kisha anatema mate chini.

"Nani kayang'oa haya?"

Mwenye farasi, Toktosun, anatazama viatu vyake.

Leo ni karamu ya kumbukumbu ya marehemu baba yake. Mbio kubwa ni za farasi wa miaka mitatu, kilomita kumi na moja, na hapa umri husomwa mdomoni. Wajanja huyang'oa meno ya utoto kwa koleo ili makubwa yawahi kuchomoza na mtoto wa farasi aonekane mkubwa.

"Dada, mama wa farasi huyu alikuwa kipenzi cha baba," anasema Toktosun. "Huyu ndiye mtoto wake wa mwisho. Leo asipokimbia yeye, akimbie nani?"

"Akimbie aliyekomaa mifupa! Huyu nilimpokea mimi akizaliwa, mwezi wa tatu, theluji inaanguka, mkono umezama ndani ya mama yake mpaka begani. Hajafika hata miaka miwili na nusu. Unamdanganya nani?"

"Daktari, funika kombe mwanaharamu apite," anadakia mzee mmoja wa kamati. "Watu wanasubiri."

Burul ana miaka hamsini na mmoja, na ishirini na sita kati ya hiyo ameimalizia kwenye mazizi na viwanja vya mbio. Amevunjwa mbavu mara mbili kwa mateke. Hayo hayamkasirishi. Kinachomchoma ni mwaka jana, alipoombwa kufunika kombe akafunika.

"Nilimpaka namba ya mbio mtoto wa farasi wa miaka miwili kwa mkono wangu," anasema. "Mguu ulivunjika kwenye kona ya pili. Wakamchinja. Jioni wakaniletea mimi nyama ya kiuno, fungu la mgeni wa heshima! Nikala. Nikala na kushukuru."

Mwandishi wa habari hizi alikuwepo siku hiyo. Naye alikula.

Mzee wa kamati ameshachoka kubembeleza. Anachukua brashi ya rangi ampake farasi namba mwenyewe. Burul anamwacha, anakwenda moja kwa moja kwenye kipaza sauti na kuutangazia uwanja mzima siku aliyozaliwa farasi huyo, na meno mangapi yaling'olewa.

Watu wanazomea. Wengine wanamzomea Toktosun, wengine daktari, kwa kuwa ameaibisha karamu ya marehemu.

Anayenyanyuka ni Seyil, mjane wa marehemu. Anamnyang'anya mwanawe kamba ya farasi. "Baba yako hakukuachia farasi umtie kilema," anasema, na kuondoka na farasi taratibu kuelekea nyumbani.

Toktosun amepauka. "Kwangu usikanyage tena, Burul. Hata jike afie kwenye uchungu."

Daktari ananawa mikono kwenye ndoo. Kuanzia majira ya kuzaa yajayo, anasema, atamwekea kila mtoto wa farasi wa bonde hili kifaa kidogo cha kutambulisha umri wake chini ya ngozi ya shingo, siku ileile anapozaliwa. Koleo halitakifikia.

Toktosun ana majike watatu watakaozaa mwezi wa tatu. Je, atamwita?

"Hataniita, ataona haya," anasema Burul. "Nitakwenda hivyo hivyo. Anifukuze mtoto akishasimama."