Ratiba ya Kwenda Regensburg

Binti yangu mkubwa ni muuguzi Ujerumani, katika mji wa kale uitwao Regensburg, na mwaka jana aliamua kwamba sisi wazazi wake twende likizo. Hakusema twende kumsalimia. Alisema likizo. Ujumbe wake wa sauti ulinikuta asubuhi nikipiga mswaki uani: twende wiki mbili mwezi wa saba, mimi, mama yake na mdogo wake wa kidato cha pili. Mwisho akaomba jambo moja tu, nimwandikie tunapenda kuona nini, ili apange.

Nilicheka kwa majivuno. Mimi ni dereva mwongoza watalii hapa Karatu, na nimekuwa nikishusha watu kreta ya Ngorongoro tangu binti huyo yuko darasa la pili. Mgeni akikaa kwenye gari langu dakika kumi najua kama anataka simba au anataka kulala. Wajerumani ndio nawajua zaidi: wanapenda kuambiwa saa, na saa ikifika wanapenda kuona imefika kweli. Sasa mtu kama mimi nifundishwe kupanga likizo? Siku hiyo hiyo niliomba ruhusa kwa bosi. Aliniuliza kama nina homa, maana mwezi wa saba ndio msimu wenyewe, lakini akanipa. Nyumbani sikumwambia mtu, niliona haina haja.

Jioni nikachukua daftari, nikaandika juu, "Tunapenda kuona", nikaweka nukta mbili. Hapo nikakwama. Nilikaa mpaka chai ikapoa. Watu wa mataifa chungu nzima najua wanapenda kuona nini, lakini sisi? Nikamuuliza mke wangu. Akasema anapenda kumwona mtoto wake. Nikamwambia hilo haliandikwi, linajulikana. Nikamuuliza mdogo, akasema maduka ya viatu. Nikafunga daftari nimekasirika, na sikujua nimemkasirikia nani.

Binti akatutumia picha za kutusaidia. Daraja la mawe juu ya mto mpana, kanisa lenye minara miwili mirefu, nyumba za rangi ya papai zilizoshikana kuta. Mke wangu alivaa miwani akazitazama moja moja. Alitaka kujua mtu akitoka nyumba hii kwenda ile anapitia wapi, na kuku wanafugiwa wapi, na zaidi ya yote, hapo tutakuwa tunamsalimia nani. Kwetu mtu hafungi safari kwenda kutazama daraja. Unasafiri kwa msiba, kwa harusi, kwa hospitali, au mtoto amejifungua. Unafika na mzigo, unakaribishwa ndani, unaulizwa habari za mvua na za mifugo, na nusu ya siku imekwisha bila mtu kutazama chochote. Akaanza kutenga unga wa dona, maharage na chupa mbili za asali. Nikamwambia watu wa forodha watavichukua. Akasema yeye hajawapelekea watu wa forodha.

Katika picha zile kulikuwa na moja ya lango, lango kubwa la mawe lenye mnara, na barabara inapita katikati yake. Hiyo ndiyo iliyonirudishia akili. Nikasema kumbe mji una geti. Kwangu geti ni geti: una kibali, unaandikishwa, unaingia asubuhi, na jioni saa kumi na mbili uwe umeshatoka, la sivyo utajieleza mpaka uchoke. Nikamtumia binti ujumbe kumuuliza geti la Regensburg linafungwa saa ngapi, na kama kibali chetu kitaruhusu kutoka na kuingia tena siku hiyo hiyo. Alijibu kwa sauti, akicheka karibu dakika nzima. Akasema, baba, hilo lango halijafungwa tangu enzi za babu zao na babu zao, wanapita na baiskeli. Nilijisikia mjinga, lakini angalau sasa nilikuwa na pa kuanzia.

Nikaiandika ratiba kama ninavyoandika za kazini. Juu kabisa, idadi: wageni wawili, mama na mdogo wako. Kuamka saa kumi na moja na nusu. Kuondoka saa kumi na mbili kamili na lanchi boksi. Daraja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kanisa. Mapumziko ya choo. Boti mtoni. Kurudi mapema, hata kama geti liko wazi. Siku kumi na nne zote zilijaa, hakuna saa iliyokaa bure. Niliipiga picha nikaituma, nikalala nimeridhika.

Jibu lilikuja kesho yake, maneno matatu: "Sawa baba, nimeelewa."

Baada ya hapo akawa baridi. Yule mtoto wa kutuma sauti ndefu zenye vicheko akawa anatuma "sawa" na "nzuri". Mama yake akisema hujambo, anajibu sijambo. Nilidhani kazi zimemzidi. Kisha akatuma uthibitisho wa boti, na hapo nikachanganyikiwa kabisa, kwa sababu viti vilikuwa vitatu. Nikahesabu: mama yake, mdogo wake, mimi. Watatu. Yeye mwenyewe yuko wapi? Anatuita mpaka Ulaya, halafu anatupandisha boti peke yetu?

Wiki hiyo nilikuwa na wageni wa siku tano. Nilisimama mahali pa kutazamia tambarare ya Olbalbal, vumbi la ng'ombe likionekana mbali chini, na mama mmoja akaniuliza wale wafugaji wanapata wapi maji. Swali hilo nimelijibu mara nyingi mno. Nikamjibu kwamba boti ina viti vitatu. Ikabidi nijifanye nilikuwa naongea kwenye redio ya gari.

Nilikuwa na hasira, sifichi. Nilijiambia binti anatuonea aibu. Labda ni suruali zangu, labda ni mama yake na chupa zake za asali. Mke wangu akasema nimpigie nimuulize. Nikasema mzazi hamuulizi mtoto kwa nini hataki kukaa naye. Yeye hakubishana. Ila niliona maharage yamerudi kwenye gunia lake, na nilipomuuliza akasema kama mtoto hatakuwepo, yeye haendi kutazama daraja, madaraja yapo hata huku.

Halafu ikaja barua ya mwaliko, ile ya kwenda nayo ubalozini. Nilikwenda kuichapisha stesheneri ya mjini, nikaisoma nimesimama huku kijana wa mashine akihudumia mwingine. Ilikuwa na majina mawili. La mama yake na la mdogo wake. Nikageuza karatasi nikatazama nyuma, nyuma kulikuwa kweupe. Hapo hesabu ya boti ikakaa sawa: mama, mdogo na yeye mwenyewe. Aliyekuwa nje ni mimi.

Sikumbuki nilifikaje nyumbani. Nakumbuka niliweka barua mezani nikaenda kuosha gari ambalo lilikuwa safi. Iliniuma. Nilipitia kila nililowahi kumfanyia, nikitafuta kosa, na nikawa nakuta ada, sare, nauli, kitanda cha bweni, na sikuona kosa.

Jumapili baada ya ibada mke wangu alichoka na mimi. Akampigia binti, akaweka spika, akaiweka simu katikati ya meza kama bakuli la mboga, akasema mzee ana neno. Sikuwa na neno. Nikauliza tu, kwa sauti ambayo sikuipenda, kwa nini jina langu halimo kwenye barua.

Binti naye akauliza. "Baba, si wewe uliandika?"

Nikauliza niliandika nini. Akanisomea ratiba yangu mwenyewe, mstari wa juu kabisa. Wageni wawili, mama na mdogo wako.

Nikaanza kueleza. Nilieleza kwa kirefu, maana nilikuwa na hakika kwamba akielewa tutacheka. Dereva hahesabiwi. Ukiulizwa getini una wangapi unasema wawili, hata kama garini mko watatu. Ukiagiza lanchi boksi unaagiza za wageni, zako ni habari nyingine. Dereva yeyote wa Karatu angeandika vile vile, mkono unakwenda wenyewe. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mimi nilijua una wageni," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja jambo la kila siku, na hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu maneno hayo nayajua. Ndiyo yaliyokuwa yakisemwa nyumba hii kila mtu alipouliza niko wapi. Alipopata kipaimara, baba ana wageni. Mahafali yake ya kidato cha sita, baba ana wageni. Siku aliyopanda ndege nilikuwa mbugani Ndutu na familia moja ya watu watano, watu wazuri sana, watoto wao walinichorea twiga. Nyumba yetu iko kando ya barabara ya kupanda Ngorongoro, na nikipita na wageni nilikuwa napiga honi mara mbili, na yeye, enzi hizo mtoto mdogo, anakimbilia uzio kupunga mkono. Mimi niliona hiyo ni furaha yetu. Kila likizo ya shule nilimwahidi kumshusha kreta. Watu wa dunia nzima wamekula chakula cha mchana na mimi kando ya bwawa la viboko. Mke wangu hajawahi. Watoto wangu hawajawahi. Tunaishi hapa.

Nilitaka kumwambia kwamba wageni hao ndio waliomsomesha. Ni kweli, na mdomo ulikuwa umeshafunguka. Mke wangu akanitazama, nikaufunga.

"Na mwezi wa saba ni msimu," binti akaendelea. "Nikaona tayari umenijibu."

"Nimeshaomba ruhusa, mama," nikamwambia. "Niliomba siku ile ile uliyotuma ujumbe."

Mke wangu akageuka kuniangalia, maana hata yeye alikuwa hajui. Upande wa pili nikasikia binti anapenga kamasi.

"Kwa hiyo kwenye boti niongeze kiti?"

"Ongeza," nikasema. "Cha nyuma kabisa. Mbele kwa dereva sitaki."

Akacheka, kicheko chake kile cha zamani, na mama yake akanyanyuka kwenda kwenye gunia la maharage. Kisha binti akasema sasa barua ataiandika upya, na ratiba yangu ataifuta yote, kwa hiyo nimwambie kweli safari hii, baba unapenda kuona nini.

Nilifungua lile daftari pale nilipoandika "Tunapenda kuona", ile nukta mbili yangu bado iko pale na mbele yake hakuna kitu.

"Bado sijui, mwanangu," nikamwambia. "Wewe nipeleke tu."