Besi ya Kukanda Viuno

Nyimbo nyingi za kwaya yetu pale Ifakara zinatua kwenye noti ya D. Gitaa la besi la kawaida, uzi wake mnene unaishia E, hatua moja juu ya hapo. Kwa hiyo wimbo ukitua chini, mimi nabaki juu kama mtu aliyekosa kiti. Mpiga kinanda yeye anashuka tu kwa mkono wa kushoto, huku ananitazama. Nilikuwa namchukia jamaa yule, Mungu anisamehe, tena kanisani.

Mwalimu wa kwaya akaniambia wazi: "Bwana mdogo, kama hushuki, mkono wa kushoto wa kinanda unatutosha." Maana yake niache gitaa, nikaimbe na wenzangu, na sauti yangu naijua mwenyewe.

Basi nikaulegeza ule uzi mpaka D. Ukanoga. Kiburi kikanipanda, Jumapili iliyofuata nikaushusha tena hadi C, ukawa umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Nilipougusa wakati wa komunyo, vioo vya madirisha vikalia, na benchi la akina mama lililo jirani na spika likatetemeka lote. Bibi mmoja akafumba macho. Nikajisemea, ameguswa huyo.

Mwalimu hakuguswa. Baada ya misa akaniamuru niurudishe uzi kama ulivyokuwa, nijaribu kwa mara ya mwisho. Jumapili iliyofuata nikapiga kinyonge, kinanda kikanimeza. Misa ilipoisha nikaanza kukunja waya zangu nikijua ndiyo basi tena. Roho iliniuma sana.

Yule bibi akatufuata. Tukamwamkia, mwalimu na mimi.

"Marahaba. Leo mbona hamjaiwasha ile ya kiuno?"

Msimu mzima ameinama anavuna mpunga, akasema, na tangu arudi kutoka shamba hakuna kilichomsaidia kama lile benchi. Wenzake nyuma yake wakaitikia. Ndio hao wanaoipikia kwaya siku za sherehe, na mwalimu hana ubavu wa kubishana nao.

"Haya, legeza," akaniambia bila kunitazama.

Siku hizi lile benchi linajaa kabla ya kengele, na nafasi yangu hakuna anayeigusa. Juzi nikaona nimuulize bibi wimbo wa komunyo ameuonaje, maana niliuhangaikia wiki nzima.

"Wimbo gani?" akauliza, huku akijinyoosha mgongo.