Kanda ya Mwalimu Athanas

Generosa alifundisha hesabu darasa la saba kwa miaka kumi na mmoja, na mimi Mama Mayala, jirani yake wa mtaa wa Ngokolo ukuta kwa ukuta, sikuwahi kumsikia akimsifu mwalimu mwingine. Walimu wote kwake walikuwa wababaishaji. Hilo tulilizoea, hata tulimtania.

Mwaka tisini na nane mvua ilikataa kukatika, vyoo vikafurika, kipindupindu kikaingia mjini. Shule zikafungwa. Watu wakaacha hata kupeana mikono. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa Septemba, nao haukusubiri ugonjwa, kwa hiyo mwalimu mkuu akabuni jambo: masomo yarekodiwe kwenye kanda za kaseti, kila mtoto asikilize kwao. Mzee Pranlal, mwenye duka la vitambaa, alikuwa na redio ya kanda mbili, ile inayotoa nakala. Mkewe, Mama Disha, akakubali kutoa nakala kila Jumamosi, mzazi alete kanda tupu tu.

Na nani atarekodi? Mwalimu Athanas. Wa darasa la sita! Ana sauti nzuri, walisema, si ndiye anayesoma masomo kanisani?

Hapo ndipo Generosa alipougua, na dawa yake haikuwa maji ya chumvi na sukari. Wiki tano alishinda jikoni akitwanga mahindi kama anayemtwanga mtu, na sebuleni sauti ya Athanas ikimfundisha binti yake, Nelly, hesabu. Nelly alikuwa darasa hilo hilo la saba. Akikwama, alirudisha kanda nyuma, akamsikiliza Athanas tena. Mama yake yuko hatua sita, hakuulizwa. Naye hakujitolea. Aliniambia wazi kwamba kama shule imeona sauti ni bora kuliko akili, basi sauti na ifundishe.

Wivu ni kidonda, wanasema, ukiushiriki utakonda. Generosa alikonda kweli.

Ijumaa moja Athanas alisimama nje ya uzio wa Generosa, akamnyooshea kanda mpya ya asilimia. "Mwalimu, kwa kuwa uko jirani na duka, naomba umfikishie Mama Disha."

Yaani amefanywa tarishi. Alipokea kwa adabu, akaingia ndani, akaisikiliza peke yake. Athanas alieleza asilimia kwa mfano wa meli na makontena bandarini. Mtoto wa Ngokolo, bara huku, bandari kaionea wapi? Generosa akakasirika mpaka akacheka. Athanas alikuwa amevunja vile vijino viwili vya mgongoni mwa kanda ili mtu asirekodi juu yake. Generosa akaziba matundu kwa vipande vya karatasi, akabonyeza kitufe chekundu.

Mwenyewe aliniapia baadaye kwamba alitaka tu kujisikia. Alinuia kurudi nyuma aufute ule mwanzo alioanza kwa hasira. Lakini alifundisha mpaka upande ukaisha, na hapo hapo Mama Disha akatuma mtu kuifuata kanda. Angesemaje? Kwamba kazi ya mwenzake ameifuta? Akaitoa.

Mama Disha hutoa nakala sauti akiwa ameizima, asiwakere wateja. Jumamosi alasiri kanda ikaingia nyumba ishirini na kitu, na madirisha ya Ngokolo yakaanza kusema kwa sauti ya Generosa:

"Huyo mliyekuwa mkimsikiliza ana sauti tamu, lakini sauti haipigi hesabu. Yake sahauni. Mwalimu wenu ni mimi."

Tulicheka, nisiseme uongo. Nilimwona amesimama uani na ungo mkononi, sauti yake ikimrudia kutoka kila nyumba, dirisha moja likimaliza, jingine ndiyo kwanza linaanza. Niliacha kucheka, nikaenda kumshika mkono aingie ndani, kipindupindu kiwepo kisiwepo.

Sebuleni Nelly alikuwa hacheki. Ameinama juu ya daftari. Kwenye kanda, mama yake alikuwa amekwisha kuacha matusi, yuko kazini: mzee ana ng'ombe hamsini, ukame umeua kumi na watano, umemwachia asilimia ngapi? Mia moja tuwaze kama mazizi mawili ya hamsini hamsini, alisema, na kilichotokea zizi la kwanza kimetokea la pili. Hata mimi niliyeishia darasa la nne nilielewa. Nelly akaandika sabini, akapiga mstari chini yake. Asilimia ilikuwa imemsumbua tangu Januari.

Kisha akazima redio.

"Mama," alisema, "wiki tano zote hizi ulikuwa hapo jikoni."

Generosa akafungua mdomo amtaje Athanas, nilimwona. Jina halikutoka. Nelly alikuwa bado anamtazama, kalamu mkononi, anasubiri jibu.