Mistari Kumi na Mmoja ya Kulinda Mvua

Je, nilisahau, au nilinyamaza kwa makusudi? Nilipostaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano, niliandika kurasa saba za makabidhiano, hadi idadi ya viti na ufunguo wa kabati lenye mlango mbovu. Lakini mistari kumi na mmoja ya amri za kompyuta, iliyokuwa ikililinda daftari lote la mvua, sikuitaja.

Niliripoti kazini Lushoto nikitoka chuo kikuu, katika ofisi ndogo iliyokusanya vipimo vya mvua vya milima ya Usambara. Mkuu wa Takwimu, mzee mwenye koti la sufu ambalo hakulivua hata jua likiwaka, alinikalisha mbele ya kompyuta. Skrini ilikuwa nyeusi tupu, na kishale kimoja kikiwaka na kuzima kwenye kona.

"Imeharibika?" niliuliza.

"Inakungoja uiamuru. Ukinyamaza, nayo itanyamaza mpaka ustaafu."

Hakukuwa na picha za kubofya wala kipanya. Uliandika neno la amri, ukabonyeza kitufe, mashine ikatenda. Ukikosea herufi moja, ilikujibu kwa ukavu kama karani aliyeamshwa usingizini. Kila siku saa tatu asubuhi wapimaji walisoma maji ndani ya kipimamvua, Magamba, Rangwi na kwingineko, kisha wakatuletea tarakimu. Aliyechelewa hakusamehewa. "Mvua ya jana haipimwi leo, binti," alisema Mkuu, na alipokasirika aliyarudia maneno hayo kwa Kishambaa.

Nilimwelewa vyema nilipohamishiwa Muheza. Huko nilipokea kabati la karatasi za vipimo vya mvua vya Zirai, na nilipovuta droo ya chini nilikuta mchwa wamekula masika mazima. Mpimaji aliyekuwa akizileta karatasi hizo kwa miguu alizitazama, akasema tu, "Kumbe nilikuwa nawalisha hawa."

Niliporudishwa Lushoto ndipo nilipoandika ile mistari kumi na mmoja: kila siku saa nne asubuhi, mashine yenyewe inakili daftari lote kwenye diski nyingine. Hiyo ndiyo huitwa nakala rudufu.

Kisha zikaja kompyuta za madirisha na kipanya. Mkuu wa Kituo wa wakati huo alifurahi kuliko sisi sote.

"Hilo giza lako limekufa sasa, mama."

"Halijafa, mkuu. Limevishwa nguo."

Wakati ule nilikuwa sahihi. Mfumo endeshi, yaani programu inayoziongoza nyingine zote, ulisimama kweli juu ya amri za zamani. Baadaye watengenezaji waliujengea kiini kipya, na dirisha jeusi likawa chumba kimoja tu ndani ya nyumba, si msingi wake. Ipo jamaa nyingine ya mifumo, ile ya chanzo huria, iliyo wazi kwa yeyote kuisoma na kuibadilisha, ambamo amri bado zinakaa karibu sana na msingi. Nakiri kwamba niliendelea kufundisha jibu langu la nguo miaka mingi baada ya kupitwa na wakati, kwa sababu lilichekesha, na kwa sababu lilinipa heshima. Hata hivyo, kila mashine mpya ilipokuja niliihamishia mistari yangu, nikabadilisha neno hapa na pale, nayo ikaendelea na kazi chini ya picha zote zile.

Aliyenirithi ni Zaituni, mhitimu kutoka Tanga, hodari na mcheshi.

"Mama, siku hizi hatuandiki amri, tunabofya," aliniambia wiki ya makabidhiano.

"Bofya, mwanangu, ila usiitoboe."

Tukacheka. Hapo ndipo ningepaswa kumtajia ile mistari.

Miezi minne baadaye alinifuata Magamba kwa pikipiki, akanikuta kwenye shamba langu la kabichi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kununua au kusalimia?"

"Kukuaga. Kesho saa sita mchana akaunti zote za wastaafu kwenye kompyuta za ofisi zinafutwa. Nikaona si heshima jina lako liondoke bila taarifa." Akanitazama. "Kuna kitu chako humo?"

"Hakuna," nikasema.

Mistari ile ilikuwa ikiendeshwa kwa jina langu. Jina likifutwa, nakala zingekoma bila kelele, na siku diski kuu ingekufa, mvua yote iliyopimwa tangu hapo ingepotea nayo. Zaituni alipoondoka niliwaza simu watakayonipigia siku hiyo, nikaona aibu nilipogundua kwamba naingoja. Nikamkumbuka yule mpimaji wa Zirai mbele ya droo yake. Kabla sijamaliza tuta nililokuwa nikipalilia, nilikuwa nimekata shauri.

Asubuhi iliyofuata nilifika ofisini kabla ya saa tatu. Nilimweleza Zaituni kila kitu, pamoja na lile "hakuna" langu. Sikugusa kibodi. Alifungua dirisha jeusi, nikamsomea mstari baada ya mstari, naye akaandika.

"Niweke jina langu?"

"Hapana. La ofisi. Hilo halistaafu."

Mstari wa sita akakosea herufi, mashine ikamkatalia.

"Ina maneno makali hii."

"Hukumjua aliyenifundisha."

Ilipotimu saa nne, taa ya diski ya pili iliwaka, nakala ikakamilika. Aliniuliza kama ningerudi kesho yake kuhakikisha. Nilimwambia kesho napalilia.

Saa sita, jina langu lilipofutwa, nilikuwa shambani. Simu haikulia.