Kiraka cha Silas Garrod

Mume wangu Silas alichonga picha za vitabu hapa mtaani Clerkenwell tangu ujana wake, na jina lake halikuandikwa popote. Mchoraji huchora kwa penseli juu ya kibao cha mti cha kupigia chapa, mchongaji hufuata kila mstari kwa patasi nyembamba, penseli inaondoka na vumbi, kisha sifa zote zinamwendea mchoraji. Iliniuma sana. Silas mwenyewe alijivunia kitu kimoja tu: hajawahi kutia kiraka. Mchongaji akiteleza, hukata pale alipoharibu akapachika kipande kipya cha mti, na wenzake humcheka hadi Krismasi.

Alasiri moja ya ukungu, taa iliwaka nyuma ya tufe la kioo lililojaa maji, la kukuza mwanga wa kazi, na mwanga ukaelea mezani kana kwamba tunaishi chini ya mto. Bibi Lavinia Thorne aliingia na nguo zake nyeusi. Mumewe, mchoraji, alikuwa amezikwa wiki ile. Mchoro wake wa mwisho ulikuwa pale kibaoni, mwanamke anayesinzia dirishani. Uso ulikuwa wa Lavinia.

"Bwana Garrod, usiuchonge. Ndio mkono wake wa mwisho."

"Pole, bibi. Bila picha hii kitabu chake hakitoki."

"Basi niache niutazame."

Aliutazama mpaka akasinzia kitini, vilevile kama pichani. Silas aliangalia kibao, akamwangalia yeye. Kisha akaukata ule uso, akaung'oa mzima mzima, akapachika kiraka.

"Una wazimu? Watakucheka!" nilinong'ona.

"Mkono umeteleza, Keziah."

"Mkono wako? Labda wa paka!"

Akauchonga uso upya bila penseli, akimtazama aliyelala. Bibi Lavinia alipoamka, Silas alimwekea kiganjani kile kipande chenye uso wa penseli, kidogo kama kifungo cha koti. "Nimeharibu, bibi. Hiki hakina kazi tena."

Bibi Lavinia alielewa, akalia.

Wenzake Silas walimcheka kweli. Kitabu kilipotoka, magazeti yalisema marehemu Thorne hakuwahi kuchora uso ulio hai kama ule. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, nami nilikuwa kata iliyotaka kupiga kelele barabarani.

Bibi Lavinia alituletea nakala. Chini ya picha, kwa penseli, alikuwa ameandika: Silas Garrod.

Silas alisoma, akaniambia nifunge dirisha, ukungu unamwingia machoni. Dirisha lilikuwa limefungwa.