Kaka Yangu Alitoa Sauti ya Baba, Akapewa Mashine ya Santuri

Admin, kisa changu kiweke, ila jina langu libaki kwako, maana Brussels ya watu wa Kivu ni ndogo na mhusika anasoma ukurasa huu kama ninyi wote.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na nane, mzaliwa wa Bukavu. Naishi Auderghem, nahudumia wazee majumbani mwao. Nilifika Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya tisini. Baba yetu alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa, na maishani mwake alirekodi santuri moja tu. Alifariki nikiwa bado msichana. Nilipokimbia nyumbani niliacha hata viatu, lakini santuri ile niliifunga katikati ya vitenge viwili nikaja nayo.

Mtaniuliza kwa nini sikuipiga nilipofika. Kaka yangu mkubwa, aliyenitangulia hapa na kujifanya mtaalamu wa muziki wa karamu zetu zote, alinikataza. Alisema mashine za bei rahisi zina sindano nzito, zinakwangua santuri, na santuri ikishakwanguliwa haiponi. Nikaapa kusubiri mashine ya maana. Santuri nikaiweka kabatini ndani ya jalada lake, na kila Jumapili kabla ya kanisa nililigusa lile jalada, nikamwambia baba jambo moja mawili, nikafunga. Kuitoa sikuthubutu, nisije nikaichafua kwa vidole. Chekeni tu, ndivyo tulivyolelewa, kitu cha marehemu hakichezewi.

Siku za Jumamosi tulizunguka madukani na kaka. Kumbe kuchagua mashine ya santuri ni kama kuchagua mkwe. Moja sahani yake ya kuzungushia santuri nyepesi, inatetemeka mtu akipita. Nyingine besi inavuma tu, sauti ya mtu inazama. Hatimaye, katika duka moja la mtaa wa Forest, nikasikiliza moja nyeusi, nzito, ambayo unamsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla hajaanza. Nililia palepale. Nikasema ni hii, nikaanza kujinyima.

Muda si muda, naenda kwa kaka, naikuta mashine ya aina ileile sebuleni kwake.

"Collègue mumoja wa ku kazi alinipatia," akasema.

Wivu ulinipata, siwafichi, lakini nilimfurahia. Ubatizo wa bintiye nilicheza kwa mashine hiyo mpaka miguu ikavimba.

Fedha zangu zilipotimia nilimwomba kaka anisindikize. Muuzaji, mzee mpole, alikuwa na desturi yake: hakuuzii mashine mpaka uisikilize na santuri yako mwenyewe. Nikampa jalada. Akatoa santuri, akaipangusa, akateremsha sindano taratibu. Zikatoka tarumbeta za bendi ya gwaride. Nikamwambia amekosea santuri. Akanionyesha, ndiyo iliyokuwa ndani.

Nikageuka. Kaka, ninayemwita yaya kwa heshima ya ukubwa wake, alikuwa anatazama sakafu.

"Yaya, disque ya papa iko wapi?"

"Bon, usikasirike, leki, weye mudogo yangu. Ilikuwa inalala tu mu armoire, haukukuwa unaisikiliza. Siku moja niliileta hapa, juste kwa kuijaribu. Muzungu mumoja, client, akaisikia, akaniuliza ninataka nini juu yake. Alors, nikamuonyesha ile platine, ile mashine nyeusi."

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi changu nilikuwa nimekipa hadi ufunguo wa mlango wangu. Yule mzungu tulimtafuta, tukaambiwa amehama nchi. Mashine sikuinunua, ya nini tena? Ila kinachoniuma kuliko yote ni kwamba kaka alisikiliza kwanza. Alimsikia baba akivuta pumzi, kwenye mashine niliyoichagua kwa masikio yangu, mimi sipo.

Tangu siku ile, miaka ishirini na zaidi, sijala nyumbani kwake. Sasa yule binti wa ubatizo anaolewa, na kwetu binti hatolewi bila shangazi. Alikuja kwangu, akakaa jikoni.

"Shangazi, papa anasema bila weye dot, ile sherehe ya mahari, haiwezi kuanza. Mimi nilikukosea nini?"

Nikampakulia chakula. Watu wa kanisa nao wameshaniimbia kwamba damu ni nzito kuliko maji. Nikikataa, aibu inamwangukia mtoto asiye na kosa. Nikienda, nitasimama karibu na baba yake mbele za watu nitamke kwamba sisi ni nyumba moja, na moyo wangu bado una hasira kama ya jana.

Kabla hamjaniambia nisamehe, jueni hili. Maneno ya nyimbo za baba ninayo yote, lakini sauti yake imenitoka. Nikiimba najisikia mimi tu. Mtu pekee niliyebaki naye ambaye bado anaikumbuka ni kaka. Nishaurini jamani, niende?