Mashua Haina Wageni

Sijawahi kupanda mashua, na kuogelea sijui. Sisi watu wa Imenti maji makubwa tunayoyajua ni ya mto ulio bondeni, nayo tunayavuka kwa kurukia mawe. Lakini hesabu iliyomweka mama yangu nyumbani kwake nilifundishwa na watu wa mashua, mume na mke wasionijua, wanaozunguka baharini kwa tanga na kuandika kwenye mtandao jinsi wanavyopima umeme wa betri zao. Nawashukuru. Nina ugomvi mdogo nao pia, na nitausema.

Mama alitoka hospitalini Nkubu akiwa na mapafu yaliyochoka. Daktari alisema ni moshi wa jikoni, wa tangu usichana wake. Akaagiza apumue kwa mashine ya oksijeni angalau saa kumi na sita kwa siku, na usingizi wote uwe ndani ya saa hizo. Kaka yangu mkubwa, mtu wa ofisi huko Embu, akainunua: mashine ndogo ya kubeba, ukubwa wa mkoba wa mwalimu. Ilikuwa imetumika na mtu mwingine, na betri yake ya ndani ilikuwa imechoka, nusu saa tu imekwisha. Na kwetu, kwenye mteremko chini ya Githongo, nguzo ya mwisho ya stima, yaani umeme wa kampuni, imeishia kwa jirani wa ng'ambo ya bonde. Tulijaza fomu. Tukajaza nyingine. Mpaka leo naiona hiyo nguzo nikianika nguo.

Kaka akaamua Mama ahamie kwake Embu, kwenye stima. Hakuniuliza. Mimi ni binti ambaye hakuolewa, nashona sare za shule kwa cherehani ya miguu, na katika familia yetu mtu kama mimi huletewa uamuzi ukiwa umekwisha kuiva. Mama akasema haendi. Nami nikasema haendi, nitaweka sola. Tulibishana kwenye simu siku tatu. Mwishowe kaka akatoa sharti: mashine ikizimika hata mara moja kwa kukosa umeme, atakuja na gari amchukue, na mimi nisifungue mdomo. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Hasira ilinisaidia, maana wakati huo sikujua wati ni nini.

Nilianza kusoma kwenye simu. Wengi walioandika habari za sola walitaka kuniuzia sola. Wale wa mashua hawakuwa na cha kuuza. Mtu aliye katikati ya bahari betri ikiisha imeisha, kwa hiyo husema ukweli. Walifundisha hivi: andika kila kitu kinachokula umeme, andika kinakula wati ngapi, zidisha kwa saa kitakazofanya kazi, kisha jumlisha. Usikisie. Usisahau kitu kwa sababu ni kidogo. Hiyo ni lugha ya fundi wa nguo kabisa. Mimi hupima mtoto hata kama namjua, kwa sababu watoto hukua.

Nikachukua daftari langu la vipimo, na baada ya kiuno cha msichana wa darasa la nne nikaandika: mashine, wati sitini, saa kumi na sita. Taa tatu. Redio ya Mama. Simu yangu. Na inverta, lile sanduku linalobadilisha umeme wa betri uwe kama wa nguzo, kwa sababu watu wa mashua walionya kwamba sanduku hilo nalo hula. Jumla ikafika kama elfu moja na mia mbili kwa siku. Betri mbili nilizonunua zilibeba elfu mbili na mia nne, lakini betri za aina ile ukizinywa kupita nusu unaziua, kwa hiyo halali yangu ilikuwa elfu moja na mia mbili. Zikalingana kama pindo mbili za sketi. Nilifurahi mno, na nikamwambia fundi wa sola apange inverta ijizime yenyewe betri zikifika nusu.

Wiki za kwanza nilikuwa askari. Nilisoma mita ya betri asubuhi, mchana na jioni. Nilizima redio katikati ya mahubiri, na Mama akasema alidhani amezaa binti, kumbe amezaa karani wa mizani. Nilicheka, lakini sikuiwasha. Kisha ukaja mwezi wa saba, na anayejua milima yetu anajua mwezi huo: ukungu na manyunyu, jua linachungulia kidogo saa sita na kurudi lilikotoka. Mita ikaanza kushuka. Nikazima taa mbili, nikawa nashona karibu na dirisha, na hesabu ikashika kwa shida.

Jumatano moja nilipeleka sare sokoni. Niliporudi nilisikia nyimbo kutoka barabarani. Akina mama wa kanisa walikuwa wamekuja kumwona mgonjwa, kumi na wanne, na ndizi, unga na sukari, kama inavyotakiwa. Sebule ilijaa mpaka mlangoni. Walikuwa wakiimba kwa sauti kubwa, na ndiyo sababu hakuna aliyesikia inverta ikilia. Nyaya za simu zilikuwa zimetapakaa ukutani, simu juu ya simu, na mmoja alikuwa ameleta na ya mumewe. Mashine ilikuwa kimya. Mama alikuwa ameketi katikati yao, bomba bado limo puani, midomo imekuwa rangi ya zambarau, naye anatabasamu.

Nilizing'oa simu zote kwa mkono mmoja. Kidogo kidogo, kwa kuwa sasa hakuna kingine kilichozinyonya betri na ukungu ulikuwa umefunguka kidogo, paneli zilileta umeme na mashine ikaamka. Akina mama walisali tena, safari hii kwa woga, wakaondoka bila kumaliza chai. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na inverta.

Habari zilifika Embu kabla sijaosha vikombe. Kaka akapiga simu, akasema anakuja Jumamosi. Sikufungua mdomo, kama nilivyoahidi. Nilifungua kwa Mama. Nilimwambia kuanzia leo lango litafungwa kwa kufuli, na nitaandika kwenye ubao kwamba hapa hatuchaji simu za watu. Nilikuwa nimeogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Mama alivuta pumzi mara kadhaa, ndipo akajibu. Alinikumbusha kwamba nilipokuwa mdogo majirani walikuja asubuhi na kigae kuomba makaa ya moto, na hakuna aliyerudi na kigae kitupu, hata yule tuliyekuwa na kesi naye ya mpaka.

"Kwa hii boma moto hainyimwi mtu," akasema. "Ukifunga hiyo gate, mimi nitaenda Embu mwenyewe, kwa miguu."

Nilikasirika siku nzima. Nilishona mkono wa shati upande usio wake, nikaufumua. Lakini jioni nikakiri kwamba yeye ndiye alikuwa sahihi na daftari langu ndilo lililokosea. Na hapa ndipo penye ugomvi wangu na watu wa mashua. Orodha yao ilikuwa na kila kitu, pampu, jokofu, taa ya juu ya mlingoti, lakini haikuwa na mstari wa wageni. Baharini hakuna anayebisha hodi. Mimi nami, mtu wa Githongo niliyelelewa kwenye nyumba isiyokosa mgeni, nikanakili orodha hiyo kama kipofu.

Nikaandika mstari mpya: wageni. Basi mstari huo utalishwa na nini? Nikarudi kwa wale wale wa mashua, maana ugomvi si uadui, nikasoma polepole. Walikuwa wamesema kwamba kitu kinachoweza kuchomekwa kwenye gari kisipitishwe kwenye inverta, kiende moja kwa moja kwa betri. Mashine ya Mama ilikuja na waya wa gari, umelala ndani ya boksi. Ijumaa asubuhi fundi alikuja akaufunga. Kile kilichokuwa kikiliwa na inverta kilibaki, na nilipopiga hesabu kilitosha simu kumi na sita. Nikapanga inverta iwashwe saa sita hadi saa nane tu, jua likiwa juu, na hizo zikawa saa za wageni.

Jumamosi kaka alifika na blanketi kwenye kiti cha nyuma. Nilimpa daftari. Alisoma akiwa amesimama, akafika kwenye mstari wa mwisho.

"Mama yuko kwa mashine, na wewe unachajia watu simu?"

"Ndiyo," nikasema. "Na nitaendelea."

Akasema niko na kiburi. Nikamwambia ndiyo, ninacho, na hesabu pia ninayo, ajumlishe mwenyewe. Mama akamwita aketi kando yake. Akamuuliza kwa upole, kule kwake, kwenye lango la mlinzi na stima isiyozimika, ni nani angekuja kumwona Jumatano. Kaka alichukua kalamu. Alijumlisha daftari mara mbili, akanywa chai, akarudi Embu na blanketi lake.

Mama aliishi miezi mingine minne. Wageni walikuja kila wiki, saa sita hadi saa nane, na mashine haikuzimika tena. Alifariki asubuhi moja ya jua, nikiwa namletea uji. Nilimwita mara tatu, nikaweka bakuli chini. Kisha nikaenda kusoma mita. Najua mtu mwema angefanya jambo lingine kwanza.

Nilimpigia kaka. Aliuliza swali moja, kama mashine ilikuwa imezimika. Nikamwambia haikuzimika, betri ziko asilimia themanini na moja, na mashine bado inafanya kazi. Nikamwambia sitaizima mpaka aje aione kwa macho yake.

Alifika baada ya saa tatu. Chumbani mashine ilikuwa bado inapumua pembeni ya kitanda. Nilimshika mkono, nikampeleka kwenye mita kwanza, ndipo nikampeleka kwa Mama.